Kusadikika si Mawingu

Atazamaye Uluguru kutoka Mikese asubuhi ya ukungu huona vilele vikielea, akadhani ameiona Kusadikika. Ndilo kosa la wachora filamu za katuni. Goro Miyazaki alipovigeuza vitabu vya Earthsea kuwa filamu, mwaka 2006, mtunzi wake, Ursula K. Le Guin, alilalamika kwamba uovu umetiwa katika mtu mmoja ili auawe. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ikichorwa hivyo, tutapewa nchi ya angani na Majivuno mwenye meno marefu. Karama je? Silaha yake ni maneno tu: hujitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliolipwa vifungo kwa wema wao. Utetezi huo ndio kitabu. Anayetaka kuukata kwa kuhofu watoto watasinzia, na achore mawingu yake bila kulitaja jina la Kusadikika.