“Utafiti umethibitisha”? Maswali 3 ya walimu wa gredi za chini Kenya

Kwa ufupi:
• Mpango wa Tusome ulibadilisha ufundishaji wa kusoma Kenya kuanzia 2015
• Walimu wanahoji utafiti ulipima nini, kwa lugha gani, na nini hasa kilisaidia
• USAID imefungwa, kwa hivyo majibu yanahitajika sasa

“Utafiti umethibitisha.” Mwalimu wa Gredi ya 1 amesikia maneno haya kwenye semina hadi ameyazoea. Akiinua mkono kuuliza ni utafiti gani, anaonekana mkaidi, eti anang’ang’ania ba-be-bi-bo-bu ya zamani.

Lakini maswali yake yana uzito. Chukua Tusome, mpango wa Wizara ya Elimu uliofadhiliwa na USAID katika shule za msingi za umma. Ulitanguliwa na jaribio lililoitwa PRIMR. Kila mtoto alipewa kitabu chake, mwalimu akapata mwongozo wa kila somo, na maafisa wa elimu wakatembelea madarasa na tableti mkononi.

1. Utafiti ulipima nini?

Mtoto anapewa hadithi fupi, saa inawashwa, anasoma kwa sekunde 60. Maneno aliyosoma sawasawa yanahesabiwa. Kiwango cha kusoma vizuri kiliwekwa maneno 45 kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza.

Mbona tofauti? Angalia neno “hawatatusomea”. Kwa Kiswahili ni neno moja, kwa Kiingereza ni maneno sita. Ukilinganisha namba hizo mbili kavu kavu, utapotoka.

Isitoshe, Kiswahili husomwa kinavyoandikwa. Mtoto akishashika silabi anaweza kutiririka vizuri tu bila kuelewa anachosoma. Ni kweli, mtoto huulizwa pia maswali ya ufahamu, ila namba inayotajwa sana ni ile ya kasi.

2. Ulifanywa kwa lugha gani?

Ripoti maarufu ya National Reading Panel ya Marekani, 2000, ilisema kufundisha sauti za herufi kwa mpangilio kunasaidia. Tafiti ilizopitia kuhusu sauti zilihusu watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza, lugha ambayo “ough” hutamkwa tofauti katika though, tough na through. Kwa Kiswahili, “ba” ni “ba” siku zote.

Tofauti hiyo si ndogo. Utafiti wa 2003 uliolinganisha lugha 13 za Ulaya ulionyesha kuwa wanaojifunza kusoma Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda kushika misingi. Kwa hivyo mwalimu akiuliza kama ushahidi wa Kiingereza unatosha kumwambia aache silabi, ameuliza swali la kisayansi kabisa.

3. Nini hasa kilisaidia?

Hapa utafiti wa Kenya kwenyewe unawapa walimu nguvu. PRIMR ililinganisha makundi matatu: mafunzo na usaidizi wa walimu pekee, mafunzo pamoja na kitabu kwa kila mtoto, na vyote hivyo pamoja na mwongozo wa mwalimu. Matokeo, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha kuwa kifurushi kizima ndicho kilichofanya vizuri zaidi.

Maana yake? Mwalimu ambaye watoto wake wanachangia kitabu kimoja hawezi kuambiwa “tumia mbinu hii, imethibitishwa”. Kilichothibitishwa kilikuwa na vitabu ndani yake.

Tusidanganyane hata hivyo

Sehemu kubwa ya tafiti hizi iliandikwa na watu waliokuwa ndani ya mradi, na mwalimu ana haki ya kulitaja hilo. Lakini tathmini ya nje pia ilikuta watoto wanasoma vizuri kuliko kabla ya Tusome. Mwalimu anayetumia maswali haya kama kisingizio cha kutobadilika anawaumiza watoto wake mwenyewe.

Kwa nini sasa?

USAID ilifungwa 2025. Vitabu vinachakaa, na maafisa hawatembelei madarasa bila nauli. Wafadhili wengine watakuja na mbinu zao, nazo zitaitwa za kisayansi.

Kabla wizara haijasaini, iweke mezani mambo matatu ambayo mwalimu yeyote ataelewa: watoto walipimwaje, walisoma kwa lugha gani, na walikuwa na vitabu vingapi darasani. Na mzazi, ukiitwa mkutano shuleni, nawe uliza.