AFYA YETU: Mgonjwa wa kiharusi na vidonge vya presha

Mzee ameamka asubuhi. Mdomo umekwenda upande. Mkono mmoja hauinuki. Maneno hayatoki vizuri. Hicho ni kiharusi. Mpelekeni hospitali mara moja. Kumbukeni alianza saa ngapi, maana daktari atauliza.

Wengi wetu hukimbilia vidonge vya presha. Jirani anavyo, anatoa viwili. Msimpe mgonjwa. Huenda hawezi kumeza, na maji yataingia mapafuni. Hata uji msimpe.

Tena presha yenyewe ina mambo. Mtu akipata kiharusi, presha hupanda. Mara nyingi mshipa wa damu umeziba kichwani. Sehemu ya ubongo inakosa damu. Presha ile husaidia kusukuma damu kidogo ifike huko. Mkiishusha ghafla, sehemu kubwa zaidi ya ubongo hufa. Lakini kuna wengine ambao mshipa umepasuka. Hao hushushwa presha mapema. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Daktari naye hupiga picha ya kichwa ndipo ajue.

Ubongo ulioumia huvimba, kama mguu ulioteguka. Mguu una nafasi ya kuvimba. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu, hauna nafasi. Uvimbe huo huzidi kati ya siku ya 2 na ya 5. Kwa hiyo msiombe ruhusa ya kurudi nyumbani kwa sababu mzee ameongea siku ya kwanza. Akianza kusinzia sana, au kutapika, mwiteni muuguzi, hata kama ni usiku wa manane.