Majuu hakuna kibanda, lakini bili iko njiani!

Kuna vijana wa mjini ambao kila wakiona picha ya barabara ya Marekani, lami inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi, wanadhani ile ni mali ya dezo. Unakanyaga mafuta tu, muziki juu, upepo unapiga. Wiki hii naomba niwaharibie ndoto kidogo. Barabara nyingi za kule ni bure, sikatai. Lakini zipo za kulipia, na ukiziunganisha unaweza kuvuka majimbo manne huku mfuko unavuja na wala usijue kama unavuja!

Njia ninayoisemea nimeipita mwenyewe. Philadelphia mpaka Chicago, kama kilomita 1,200. Unaanza na Pennsylvania Turnpike, hiyo inakukabidhi kwa Ohio Turnpike, Ohio inakukabidhi kwa Indiana Toll Road, na ukidhani umeshamaliza unadakwa na Chicago Skyway, kipande kisichofika hata kilomita 13 lakini kinakukata zaidi ya dola 7. Yaani mlangoni kabisa kwa mwenyeji wako, bado unachunwa.

Tulikuwa wanne, tunakwenda harusini. Gari tuliazimwa na dada mmoja wa nyumbani anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kamati ya safari ikakaa (Mbongo bila kamati hasafiri), ikaamua kila kichwa kitoe dola 40 za mafuta. Nikauliza, na ushuru wa barabara je? Jamaa aliyejipa ukubwa wa msafara akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, mambo ya vibanda yalishakufa siku nyingi. Unapita tu!"

Na kweli, vibanda vimekufa. Pennsylvania waliacha kupokea pesa mkononi mwaka 2020 wakati wa korona, na wakusanya ushuru karibu 500 wakapoteza kazi. Siku hizi juu ya barabara kuna chuma kimekatiza toka upande huu hadi ule, kimejaa kamera. Kama una kale kadude ka E-ZPass, kadogo tu, kamebandikwa kwenye kioo cha mbele nyuma ya kioo cha kati, chuma kile kinasoma namba yake na kukata pesa kwenye akaunti uliyoijaza kabla. Kama huna, kamera inapiga picha namba ya gari, na bili inatumwa kwa posta kwa mwenye gari. Si kwa dereva, wala si kwa wale waliolala siti ya nyuma. Kwa mwenye gari! Na hiyo bili ya picha ni karibu mara mbili ya anayolipa mwenye kadude.

Gari la dada halikuwa na kadude. Yeye njia yake ni nyumbani na kazini, barabara za kulipia anazisikia tu.

Basi tukala Pennsylvania yote kwa raha zetu. Milima, mahandaki, hadithi za nyumbani. Barabara yenyewe ina historia, maana kipande chake cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1940, kilomita kama 257, na watu walikuja kuishangaa. Sasa imekuwa ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2007 jimbo lilipitisha sheria ya kuibana shirika la barabara hiyo litoe mamilioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya usafiri mwingine, yakiwemo mabasi na treni za mijini. Shirika likakopa, na tangu 2009 ushuru umekuwa ukipanda kila mwaka. Malipo yale yalipunguzwa sana kuanzia 2022, lakini deni halikuondoka nayo. Kwa hiyo dereva wa leo analipia treni aliyopanda mtu mwingine miaka ile!

Tulipoingia Ohio mambo yakabadilika. Kule asiye na kadude bado anakutana na mashine na mti umelala barabarani. Hulipi, haunyanyuki. Hapo ndipo nilipomfahamu vizuri binadamu. Kila tukikaribia lango, jamaa mmoja wa siti ya nyuma anapitiwa na usingizi mzito, mdomo wazi kabisa. Mti ukinyanyuka, naye anaamka na kuuliza tumefika wapi. Indiana hivyo hivyo. Angalau lakini pale tulichangishana, tukanuniana, tukalipa, yakaisha. Mti uliolala hauna aibu. Ile kamera ya Pennsylvania ni mpole mno, haikuulizi kitu, inakuacha upite ukitabasamu.

Kwa faida yenu, Indiana wenyewe barabara walishaikodisha. Mwaka 2006 jimbo liliichukulia dola bilioni 3.8 kutoka kwa kampuni za Australia na Hispania, mkataba wa miaka 75. Mwaka 2014 wapangaji wakafilisika, na mwaka uliofuata Waaustralia wengine wakauchukua mkataba kwa zaidi ya dola bilioni 5.7. Skyway nayo jiji la Chicago liliikodisha 2005, miaka 99! Mtoto wa mjukuu wako akienda Chicago atawakuta wapangaji wale wale au warithi wao. Wenye msimamo ni Kentucky. Wao walikuwa wakimaliza deni la barabara wanavunja vibanda, na vya mwisho kwenye zile barabara zao za "parkway" viliondoka mwaka 2006.

Harusi ilikuwa bomba, pilau mpaka la kubeba. Tukarudi kwa njia ile ile, kamera zikipiga picha tena.

Wiki kadhaa baadaye dada akaanza kupokea bahasha. Kabla ya bahasha alikuwa ameshapata meseji za simu zinazosema unadaiwa ushuru, bonyeza hapa ulipe. Hizo akazifuta, na alifanya vizuri, maana ule ni utapeli. FBI walitoa onyo Aprili 2024 baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 2,000. Tatizo ni kwamba bahasha nazo nusura zimfuate tapeli kwenye pipa la takataka. Bahati alizifungua. Ndani picha ya gari lake, namba inasomeka safi, na bili ya Pennsylvania peke yake, kwenda na kurudi, ilizidi mchango wa mafuta wa watu wawili.

Ukipuuza bahasha hizo faini inaongezeka. Na pale Pennsylvania sheria iliyobanwa mwaka 2022 inasema bili nne zisizolipwa, au deni la dola 250, zinatosha kusimamisha usajili wa gari. Fikiria dada wa watu, anatoka kazini saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi, anasimamishwa na polisi kwa sababu ya pilau la Chicago ambalo hata hakulionja!

Alinipigia simu mimi kwanza. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Mdogo wangu, hizi pesa ni zamu zangu mbili." Nikapeleka fungu langu siku hiyo hiyo, nikawapigia wenzangu. Mkubwa wa msafara alianza kuleta falsafa, eti barabara ni haki ya mwananchi, sisi tumezoea ushuru uliojificha kwenye bei ya petroli. Nikamwambia Bongo nako ushuru wa petroli unaulipa, bwana, tofauti ni kwamba wa petroli haumfuati mtu mwingine nyumbani kwake. Akatoa, kwa kuguna. Wa tatu alitoa nusu, nusu nyingine akaileta mwisho wa mwezi.

Yule wa usingizi? Simu yake inaita tu. Mara ya mwisho kaonekana kwenye picha za harusi nyingine, Ohio safari hii, kavaa suti ya bluu na miwani myeusi. Fungu lake dada alililipa mwenyewe. Siku hizi kioo cha gari lake kina kadude cheupe, na ukienda kuazima anakufungulia simu kwanza akuonyeshe salio lililobaki kwenye akaunti, halafu ananyoosha mkono, na ufunguo bado uko mfukoni.