Shabaha ya Mguu Hujengwa Nyumbani

Kwa miaka mitatu mfululizo, klabu za Tanzania ziliondolewa katika robo fainali za mashindano ya Afrika kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2022 Simba ilitolewa na Orlando Pirates ya Afrika Kusini katika Kombe la Shirikisho. Mwaka 2023 ikatolewa na Wydad ya Moroko katika Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Yanga mbele ya Mamelodi Sundowns, baada ya michezo miwili isiyo na bao. Mbio zilikuwapo, na moyo pia; kilichoamua ni shabaha ya mita 11.

Hakuna azaliwaye na shabaha. Hufundishwa, na shule yake ya kwanza ni uwanja wa nyumbani. Kwa watoto wa Same mjini, tambarare ipo. Lakini kwa wenzao wa milimani, huko Suji, Vudee, Chome au Mbaga, ardhi iliyo sawa ni adimu. Shuti likipotea, mpira huteremka bondeni au huangukia migomba ya jirani. Basi mtoto huzoea kupiga kwa woga. Dawa ni kugeuza lango: liwekwe upande wa juu wa mteremko, mpigaji asimame chini. Mpira ukikosa lango utarudi wenyewe, naye atapiga mara nyingi zaidi kwa muda ule ule.

Lango kamili lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtoto asililenge lote. Funga kamba ya katani juu ya miti miwili, uning'inize tambara kila pembe, kisha umwambie achague tambara moja kabla hajaanza kukimbia. Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, kiasi cha shubiri moja, vidole vikielekea shabaha. Kifundo cha mguu unaopiga kikazwe, macho yabaki kwenye mpira. Ajipindaye nyuma hupaisha mpira juu ya mwamba. Atakaye mpira wa chini na ainame kidogo mbele, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Apige kumi kwa mguu wa kulia na kumi kwa wa kushoto, ahesabu zilizofika, na kesho ajishinde mwenyewe. Na zoezi hili lirudiwe jioni akiwa amechoka, maana mikwaju ya kuamua mshindi huja miguu ikiwa mizito.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akikosa penalti mbele ya kijiji, mara nyingi hupokewa nyumbani kwa dhihaka. Matokeo yake si kupata shabaha. Ni kuukimbia mpira siku mkwaju utakapohitajika. Yafaa baba au mama aulize, "Ulichagua pembe gani?" badala ya kuuliza, "Umekosaje?" Swali la kwanza humrudisha mazoezini, la pili humfunga miguu.

Wala tusiwasahau mabinti. Hao nao wapewe nusu saa baada ya kuteka maji, kama kaka zao wapewavyo. Tambara lililoning'inia kwenye kamba halitambui mpigaji ni mvulana au msichana. Hutikiswa na yule aliyejizoeza.