Mgeni Mwenye Tromboni: Elimu Iko Kwenye Mazoezi, Siyo Jukwaani



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko vyuoni, leo tunazungumzia jambo ambalo huenda mkashangaa kulisikia kutoka kwa walimu wa madrasa: mpiga tromboni mashuhuri anayealikwa kupiga pamoja na wanafunzi wa jazi katika vyuo vikuu vya Marekani. Hukumu ya ala za muziki wanazuoni wameieleza kwa urefu, na mwenye kuitaka amuulize shekhe wake. Sisi tunaangalia upande mmoja tu, nao ni namna elimu inavyotoka kwa fundi na kumfikia mwanafunzi. Rai yetu ni hii: chuo kinachomleta mgeni kwa ajili ya usiku mmoja wa onyesho kimepoteza fedha, na kimewanyima wanafunzi haki yao.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Katika nchi zetu tukisikia "jazi" tunakumbuka bendi za dansi, kama OK Jazz ya Franco iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956. Hiyo ni rumba. Jazi tunayoizungumzia hapa ni muziki wa Wamarekani Weusi uliochipuka New Orleans, ambao ndani yake mpigaji hutunga sehemu yake papo hapo huku wenzake wakimfuata. Tromboni nayo ni ndugu yake tarumbeta. Tarumbeta ina vibonyezo vitatu, lakini tromboni ya kawaida haina hata kimoja. Mpigaji husukuma mrija mbele na kuurudisha. Mrija huo una vituo saba, na hakuna alama yoyote inayoonyesha kituo kiko wapi. Sikio ndilo linaloambia mkono usimame. Ukipitiliza kidogo, sauti imeharibika.

Ufundi wa namna hii haupatikani kitabuni peke yake. Wanafunzi wetu wa tajwidi wanalijua hilo. Kitabu kitakueleza ulimi uukalishe wapi katika herufi ya dhaad, lakini mpaka mwalimu akusikie na kukurudisha mara kumi, bado hujaipata.

Wapigaji wa jazi wa zamani walijifunza hivyo hivyo, kwa kukaa karibu na wakubwa wao. Vyuo vilichelewa kuupokea muziki huu. Shahada ya kwanza ya jazi nchini Marekani ilianzishwa North Texas mwaka 1947, na hata jina la jazi halikutumika. Waliiita masomo ya "bendi ya dansi". Vyuo vilipoufungulia mlango, vilileta madarasa, nota zilizoandikwa na mitihani. Hayo ni mema. Lakini ilikuwa rahisi kumwacha mzee nje ya mlango. Mgeni anapoalikwa, ni yule mzee anayerudishwa ndani.

Tazameni mji wa Indianapolis. Shule ya Crispus Attucks ilifunguliwa huko mwaka 1927 kwa ajili ya watoto Weusi peke yao, kwa sababu ya ubaguzi. Ndiko alikosoma J.J. Johnson (1924–2001), aliyeipiga tromboni kwa wepesi na usafi mkubwa kiasi kwamba baadhi ya wasikilizaji walidhani ina vibonyezo. Shuleni hapo alisoma pia David Baker, aliyezaliwa mwaka 1931. Naye alikuwa mpiga tromboni hodari, lakini taya lililoumia katika ajali ya gari lilimlazimisha kuiacha ala hiyo. Akashika chelo, na akashika ualimu. Aliongoza masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha Indiana tangu mwaka 1968 hadi 2013, akafariki mwaka 2016. Tromboni ilimtoka mdomoni, lakini alichokijua kilibaki kwa wanafunzi wake.

Mgeni mwema anafanya kazi hiyo hiyo kwa siku chache. Bendi inakuwa imefanya mazoezi kwa wiki kadhaa, na imeacha nafasi yake wazi. Akifika, hukaa kwanza na wanafunzi. Mmoja anasimama na kupiga mbele ya wote, mgeni anamsahihisha pumzi, midomo na mkono, na wenzake wanajifunza kwa kosa lake. Kisha wanapiga pamoja. Hapo kijana wa dramu anagundua kwamba kelele zake zinamzima mgeni, na wa piano anajifunza kunyamaza. Mambo haya hayaonekani usiku wa onyesho. Watu wanapopiga makofi, somo limekwisha kutolewa.

Wapo watakaosema kuna rekodi na video tele, gharama ya nini? Tunawajibu: rekodi utaisikia wewe, lakini yenyewe haikusikii. Haiwezi kukuambia kwamba bega lako limekakamaa.

Kwa hiyo tunanasihi mambo matatu:

1. Vyuo, vya huko na vya kwetu, viwape wageni siku za kukaa na wanafunzi kabla ya siku ya jukwaa. Awe ni mpiga ala, daktari wa upasuaji au mhandisi wa madaraja, kipimo ni kimoja. Kama fedha ni chache, bora onyesho lipunguzwe kuliko mazoezi.

2. Mgeni akumbuke kwamba hakuja kung'ara. Akichukua nafasi yote na wanafunzi wakabaki kumsindikiza, watakuwa wameona ufundi bila kuupokea.

3. Mwanafunzi aje amejiandaa. Ni utovu wa adabu kumfanya fundi aliyesafiri mbali atumie saa zake kukufundisha ulichoweza kukisoma mwenyewe wiki iliyopita.

Na nyinyi wazazi, mtoto akipiga simu kutoka chuoni na kusema walitembelewa na mtu mkubwa wa fani yake, msiulize ukumbi ulijaa watu wangapi. Muulizeni: "Mwanangu, alikusahihisha nini?" Akikosa jibu, mgeni alipita tu. Akiwa na jibu, msikilizeni mpaka mwisho, hata kama fani hiyo hamuielewi.

Wabillahi tawfiq.