Kikopo Nje ya Ua

"Kijana, makaburi si mahali pa kuchezea." Mzee mmoja wa kanisa alinipa hayo mjini Kitale nilipomwonyesha kikopo cha plastiki chenye kidaftari na penseli. Nilinyamaza, adabu ni adabu. Sasa nimerudi Suam, acha nimjibu.

Mchezo wenyewe, jiokeshi, ni hivi. Mtu anaficha kikopo na kutangaza kwenye intaneti vipimo vya GPS vya mahali kilipo. Wageni wanakuja na simu kukitafuta, wanaandika jina na tarehe, wanakirudisha. Ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuharibu makusudi usahihi wa GPS kwa raia.

Mzee angekuwa na haki kama ningetaka kukifukia kaburini au kukibandika kwenye msalaba. Huo ni ushenzi. Kikopo kinakaa nje ya ua, kwa ruhusa ya wenye mahali, na ukikuta watu wanazika, unageuza unarudi. Basi. Wangapi wetu hata husimama kusoma jina la marehemu asiyetuhusu? Hawa angalau wanasoma.

Halafu kuna Nyeri. Baden-Powell, jenerali aliyezingirwa Mafeking siku 217, amezikwa huko tangu 1941. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti: nimeenda nyumbani. Yaani kuna fumbo la wasaka njia juu ya kaburi la mwanajeshi mzee! Maskauti wanatoka mbali kulitafuta, na sijasikia mzee wa kanisa akiwafukuza.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Ramani hizi zinafuata mawe, na mawe yalifuata vyeo na rangi ya ngozi. Baba yake babu yangu alipigana Burma na King's African Rifles, akarudi na koti zito na kikohozi. Amelala nyuma ya migomba, upande wa Kimilili, bila hata ubao. Na huyo ana bahati, sisi tunajua alipo. Waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza, wale wa Kariakoo, wametuachia jina la soko. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kuhesabu najua. Huo ni mji mzima. Mbona hakuna anayeita hiyo kuchezea makaburi?

Kwa hiyo nilipanda matatu hadi Kimilili, nikamwomba baba mdogo ruhusa. Alikigeuzageuza kikopo kama mtu anayenunua nyanya.

"Kikae pale kwa geti," akasema. "Kwa migomba, hapana."

"Sawa, baba."

"Na hiki kidaftari ni kidogo. Nunua kaunta buku. Wageni wako waandike kuanzia nyuma. Mbele tutaandika sisi, wale waliokwenda."

Akaanza kuwataja hapo hapo, na mimi sikuwa na karatasi ya kutosha.