Mgonjwa wa kiharusi si maiti, mwacheni atembee!



Leo naomba tuweke siasa za vyama pembeni. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, na najua nitawaudhi wengi kwa hili: wazee wetu waliopata kiharusi hatuwauguzi, tunawahifadhi.

Utaratibu tunaujua wote. Simu inaingia usiku: mzee kaanguka, upande mmoja umelegea. Tunachangishana, anatoka hospitali akiwa hai, tunamshukuru Mungu. Kuanzia hapo kila mtu nyumbani anakuwa daktari. "Asisumbuliwe!" "Mwacheni apumzike!" Sisi wabeba boksi tunatuma hela ya godoro, televisheni na kiti cha magurudumu, tunajiona tumemaliza kazi. Miezi sita baadaye, mzee aliyeweza kusimama kwa kushikwa hawezi hata kukaa. Wengine watasema ni jini. Jamani, mara nyingi jini lenyewe ni kitanda!

Msuli usiotumika unanyauka. Viungo vinakakamaa, damu inaganda mguuni, mgongo unatoka vidonda, mapafu yanashikwa na nimonia. Ubongo nao hujifunza upya kwa kurudia jambo. Hakuna aliyejifunza kutembea akiwa amelala.

Najua nitajibiwa kwamba wazungu wana mashine. Hicho ni kisingizio. Mwaka 2011 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa LEAPS wenye wagonjwa 408. Baadhi walifundishwa kutembea juu ya mashine huku mikanda ikiwabebea uzito, wengine walifanyishwa mazoezi nyumbani kwao na mtaalamu wa viungo. Mwaka mmoja baada ya kiharusi hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kwa jumla asilimia 52 uwezo wao wa kutembea ulikuwa umeongezeka. Na mwongozo wa Marekani wa 2021 unamtaka aliyenusurika kiharusi, kama anaweza, afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 10, mara 4 kwa wiki. Dakika kumi! Ni kutoka barazani hadi kwa jirani na kurudi.

Sisemi mumburute mtu siku ya kwanza. Utafiti wa AVERT wa 2015 ulionyesha kwamba kumfanyisha mgonjwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za mwanzo kunapunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Daktari aseme hali imetulia, presha idhibitiwe, mtaalamu wa viungo ampime. Baada ya hapo avae viatu vinavyoshika mguu, si ndala. Msaidizi akae upande uliolegea, wala asiuvute ule mkono. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame hapo hapo, akalishwe. Akilegea upya ghafla, ni hospitali mara moja.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mapenzi ya Mungu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai, ukatolewa 2010, ulionyesha kiharusi Dar ni kingi kuliko katika nchi nyingi zilizoendelea. Nani atasema hakujua? KCMC Moshi imefundisha wataalamu wa viungo miaka mingi. Waajiriwe mpaka wilayani, wawafuate wagonjwa majumbani. Na hizo njia za miguu zilizogeuzwa za bodaboda, mwenye fimbo apite wapi?

Kwetu sisi tunaotuma hela: mlipeni mtaalamu, na kijana mwenye nguvu wa kumtembeza mzee kila siku, maana mkwe peke yake hawezi kupika, kufua na kumbeba. Mkipiga simu msiulize tu "amekula?" Ulizeni "leo katembea hatua ngapi?"

Na wanaoona aibu mzee wao kuchechemea barabarani: aibu ni watoto wazima kumwacha aozee chumbani.

Naomba kutoa hoja.